Nani Alimpa Karao Kazi ya Daktari?

Ukipiga simu useme nyumba inaungua, unatarajia zima moto. Ukisema dadako ameshikwa na uchungu wa kuzaa, unatarajia ambulensi, hata kama itachelewa mpaka mtoto azaliwe kwa nduthi. Sasa jaribu kupiga useme hivi: bro wangu hajalala siku tano, anaongea na ukuta, ameshika kisu na anatuogopa sisi wenyewe. Anakuja nani? Karao. Tena na bunduki, pingu na rungu. Na ploti nzima inaona sawa tu, kwa sababu tulizaliwa tukakuta mambo yako hivyo.

Hiyo "tulikuta hivyo" huwa inanikera. Vitu vingi tulivyokuta vina tarehe. Kuna siku mtu alikaa na kalamu akaandika kwamba mgonjwa wa akili ni kazi ya polisi. Nimeifuata hiyo siku kwa vitabu, na kama unadhani ni mambo ya Moi, rudi nyuma. Zaidi. Rudi mpaka India, 1858.

Mwaka uliotangulia, 1857, Wahindi waliasi na Waingereza wakawazima kwa damu nyingi. 1858 India ikatolewa kwa ile kampuni ya biashara ikawekwa chini ya taji la Malkia, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya nyumba za vichaa. Ndani yake kuna kifungu kinachompa kazi daroga, yaani afisa wa polisi wa eneo. Ni wajibu wake kumkamata yeyote anayezurura akidhaniwa ni mwendawazimu, na yeyote anayeaminika kuwa hatari kwa sababu ya wazimu, ampeleke kwa hakimu. Angalia foleni ilivyopangwa. Polisi wa kwanza, hakimu wa pili, daktari anaingia wa tatu.

Sheria ya India ilifikaje kwetu? Waingereza walipochukua Afrika Mashariki hawakujisumbua kuandika kila kitu upya. Walibeba sheria za India vile walivyobeba rupia na mafundi wa reli, na hii ya vichaa ikaja kwa hiyo mizigo. Kitu kilichoandikwa kwa ajili ya barabara za Bengal kikaanza kufanya kazi Kiambu.

Mwanzoni hata hospitali haikuwepo. Aliyekamatwa kwa wazimu aliwekwa jela na wezi. 1910 serikali ikachukua majengo ya Nairobi yaliyokuwa yanatumika kutenga wagonjwa wa ndui, ikayafanya nyumba ya vichaa. Mzungu upande wake, Mwafrika upande wake, bila shaka. 1924 pakaitwa Mathari. Ndiyo hiyo hiyo unayotumia kumtusi rafiki yako ukimuuliza kama ametoka "Mathare".

Mwafrika aliyefika pale hakuwa lazima ndiye mgonjwa zaidi. Aliyekuwa mgonjwa lakini amekaa kijijini kwao, na watu wake wanamlisha, ama wanamfunga kamba, ama wanamtafutia mganga, huyo serikali haikumjua. Aliyefika Mathari ni yule aliyeonekana vibaya: alizurura mjini, aliingia shamba la setla, alimrushia askari mawe. Alifika kupitia kituo na mahakama. Kwa hivyo toka siku za kwanza swali halikuwa "huyu anaumwa wapi?" Lilikuwa "huyu anasumbua nani?"

Na ukishakuwa na mlango unaouliza swali kama hilo, utapitisha watu wengi ndani yake. Hapo ndipo anaingia Elijah Masinde.

Shuleni ulimsoma kwa mistari miwili: mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alipinga wakoloni, ukapata alama zako ukasahau. Kitu ambacho kitabu kinapita mbio ni kwamba huyu mzee wa Kimilili alikuwa mchezaji mpira mkali sana, na 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kufikia miaka ya arobaini alikuwa akiwaambia watu waachane na dini ya wageni, warudi kwa mambo ya wazee wa Babukusu, na mzungu arudi kwao. Vita vya pili vya dunia vinaendelea, serikali inataka watu wa kazi ya lazima, inataka utiifu. Masinde akagoma, akagombana na watu wa chifu. 1945 akapelekwa Mathari.

Fikiria hesabu ya DC hapo. Ukimshtaki mtu kama huyo, anasimama kortini, anaongea, watu wanasikia. Ukimfunga, kifungo kina mwisho, na siku ya kutoka anapokelewa kwa ngoma. Lakini ukisema ni mwendawazimu, maneno yake yote yanageuka dalili. Akisema ardhi imeibiwa, hiyo ni dalili. Akikataa kunyamaza, dalili nyingine. Na tarehe ya kutoka ni mpaka daktari aridhike. Hiyo hesabu nimeipiga mimi, lakini jamaa alikaa pale hadi 1947.

Miaka hiyo mkuu wa Mathari alikuwa J. C. Carothers, aliyeishika hospitali kuanzia 1938 hadi 1950. Alikuwa pia daktari wa gereza la Nairobi. Mtu mmoja, funguo mbili! 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo anamlinganisha Mwafrika wa kawaida, si mgonjwa, na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha kingine alichoandika, cha kueleza saikolojia ya Mau Mau. Watu wanapigania shamba, daktari anaandika kwamba shida iko kichwani mwao. Nikisikia mtu akisema sayansi haina siasa, huwa namfikiria huyu buda.

Turudi Bungoma. Masinde alipotoka 1947 wafuasi waliongezeka, polisi wakaanza kuwasaka. Februari 1948 umati wa watu wa Msambwa ulikusanyika Malakisi. Polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Masinde akashikwa tena, safari hii hawakusumbuka na daktari. Kizuizini, Lamu, hadi 1961. Na kwa wale wanaodhani uhuru ulimsafishia jina: serikali yetu wenyewe iliipiga marufuku Dini ya Msambwa 1968, na Masinde akaendelea kuingia na kutoka jela.

Sisemi Mathari ilijaa mashujaa. Wengi waliopelekwa pale walikuwa wagonjwa kabisa, wanasikia sauti, hawali, hawalali. Ninachosema ni kwamba mgonjwa na mbishi waliingizwa kwa mlango mmoja, na mlinda mlango alikuwa na bunduki. Aliyefunzwa kuona ubishi katika kila wazimu, na wazimu katika kila ubishi, atamfanyia nini kijana anayekataa kuweka kisu chini?

Sasa 1989. Kenya huru, bunge letu, tunapitisha Sheria ya Afya ya Akili. Kwa haki ya Mungu ilikuwa na mazuri. Mtu anaweza kujipeleka hospitali mwenyewe. Kampuni ya bima ikakatazwa kumbagua mgonjwa wa akili. Lakini soma kifungu cha 16 jinsi kilivyopitishwa. Afisa wa polisi wa cheo cha inspekta na kuendelea, ama mkuu wa kituo, ama afisa wa utawala, ama chifu, ama naibu chifu, anaweza kumtia mikononi mwake mtu anayeamini ana ugonjwa wa akili. Kisha ampeleke hospitali ndani ya saa 24, ama kwa muda unaofaa.

Weka hiyo kando ya ile ya 1858. Daroga amekuwa OCS. Hakimu ametolewa njiani, na hiyo ni hatua. Lakini anayekuja kwako kwanza ni yule yule.

Kuhusu hizo saa 24 nina ya kusimulia. Kwa ploti yetu alikuwepo kijana fundi wa simu, tumuite Brayo. Mpole, anakurekebishia kioo unalipa mwisho wa mwezi. Akaanza kukosa usingizi, kisha akaanza kusema transfoma ya hapo nje inarekodi watu. Jumapili moja akajifungia ndani na kisu cha jikoni. Mama yake alikaa kwa ngazi akiongea naye kupitia mlango karibu saa mbili nzima, pole pole, na Brayo alikuwa anajibu. Tulimsikia akiomba maji. Mtu, mpaka leo hatujui nani, akapigia polisi.

Walikuja wanne. Mama Brayo akasimama mbele yao.

"Afande, tafadhali. Ni mtoto wangu, ni mgonjwa."

"Mathe, kaa kando. Mgonjwa gani ana kisu?"

Wakaita mara mbili, toka nje, mikono juu. Kisha teke la mlango. Ilikuwa dakika moja hivi, labda hata haikufika. Aliposhushwa mkono ulikuwa unaning'inia vibaya, amefungwa pingu kwa huo huo mkono. Kwa OB iliandikwa amezua rabsha. Jumatatu mama alipeleka chai, chapati na dawa aliyokuwa ameandikiwa kijana mwezi uliopita. Chai ilipita. Dawa ikakataliwa, akaambiwa hapa si hospitali. Jumanne akaambiwa gari la kituo halina mafuta, akakodisha Probox kwa elfu mbili mia tano, akalipia na lunch ya maafisa wawili wa kumsindikiza. Kutoka Jumapili mchana hadi Jumanne jioni, fanya hesabu wewe.

Wale maafisa sina haja ya kuwaita wanyama. Nilimwona mmoja, kijana wa rika langu, anatetemeka kuliko Brayo. Alifunzwa kitu kimoja: toa amri, isipotiiwa, ongeza nguvu. Kwa mwizi inaweza kufanya kazi, kwa sababu mwizi anakuelewa na anapiga hesabu. Mtu ambaye kichwani ana sauti tatu zinazomwambia hao wamekuja kumuua, ukimpigia kelele unazithibitisha zile sauti. Ukiongeza nguvu anaongeza woga. Mwisho wa hiyo ngazi ni risasi.

Kwa karatasi tuko sawa kabisa. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, jedwali la sita, inasema afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, nguvu iendane na hatari iliyopo, na bunduki itumike tu pale njia nyingine hazitoshi, kwa mfano kuokoa maisha. Lakini "njia nyingine" ni zipi kama hujafunzwa hata moja? Juni 2019 kijana mmoja mwanafunzi alipanda ua wa Ikulu ya Nairobi akiwa na kisu, akapigwa risasi begani. Baadaye ndipo korti ikaagiza apimwe akili. Foleni ni ile ile ya 1858, daktari wa mwisho.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniandikia: na kisu je? Wewe ungeingia? Hapana, singeingia. Kisu ni kisu, na kuna siku mtu aliye na bunduki ndiye tu anayeweza kuokoa jirani. Ila kwa ploti yetu hakuna aliyekuwa anakatwa. Kulikuwa na mlango uliofungwa, mama anaongea, na mtu ndani anaomba maji. Haraka ilikuja na Land Cruiser.

Na si ati hakuna aliyewahi kujaribu kitu tofauti. Septemba 1987, Memphis huko Marekani, polisi waliitwa kwa kijana mweusi mgonjwa wa akili aliyekuwa na kisu, akijitishia mwenyewe. Wakampiga risasi akafa. Kelele zilizofuata zilifanya mji, familia za wagonjwa na vyuo vikuu kukaa pamoja, na 1988 wakaanzisha kikosi cha polisi wanaojitolea, wanaofunzwa saa 40 jinsi ya kuongea na mtu aliye kwenye hali hiyo. Miji mingi iliiga. Haijamaliza shida: gazeti la Washington Post, lililoanza 2015 kuhesabu watu wanaouawa kwa risasi za polisi Marekani, lilikuwa likipata kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za ugonjwa wa akili. Ukimfunza polisi vizuri, bado ni polisi aliyekuja.

Mji wa Eugene, jimbo la Oregon, ulienda mbali zaidi. Simu ikipigwa, ilitoka van yenye watu wawili, mhudumu wa afya na mtu aliyefunzwa kutuliza watu. Hakuna bunduki. Polisi wanaitwa mambo yakizidi. Walianza 1989. Ndiyo, mwaka ule ule bunge letu lilikuwa likimpa inspekta kazi ya daroga. Van ya Eugene ilizunguka zaidi ya miaka 35 na ikasimama Aprili 2025, pesa zilipokwisha. Sikuambii hii ili uione Marekani kama mbinguni. Nakuambia kwa sababu mtu akisema "haiwezekani", ilishawezekana, na kilichoishinda ni bajeti.

Sisi pia tumesonga kidogo, na aliyesukuma ni korti. Kanuni ya adhabu tuliyoachiwa na mkoloni, ya 1930, ilikuwa na kifungu cha 226 kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Ungeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mtu amenusurika, familia inalia, na karao amekaa kando ya kitanda cha hospitali akisubiri apate nafuu amshike. Uingereza, walioandika hiyo kitu, waliifuta kwao 1961. Sisi tuliibeba zaidi ya miaka 60 baada ya wenyewe kuitupa. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akasema inakiuka katiba, katika kesi iliyofikishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na wenzake.

Ukitaka kujua tumebeba mangapi mengine, sikiliza tu tunavyoongea. Mwenye malaria "amelazwa". Mgonjwa wa akili "ameshikwa, akafungiwa Mathari". Mei 2013 wagonjwa 40 waliondoka pale, na nchi nzima ikasema "wametoroka", neno la mfungwa. Ukitoka hospitali nyingine yoyote bila kuaga, umetoroka nini, bili?

2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliambia serikali itangaze afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa. 2022 sheria ya 1989 ikarekebishwa, serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Kwa hivyo leo hili si swali la kumuuliza Rais kwa X. Ni la MCA wako, ni la siku ya maoni ya bajeti, ile siku huwa hatuendi kwa sababu iko Jumanne asubuhi. Swali lenyewe ni fupi: usiku, mtu akiharibikiwa kichwa mtaani kwetu, ni nambari gani tunapiga ambayo si ya polisi, na nani anatoka?

Mimi nilienda kuuliza kwa ofisi ya wadi yetu. Dada aliyekuwa pale alinisikiza vizuri, akafungua daftari, akaniandikia nambari kwa karatasi. Nilipofika nje nikaipiga. Ilikuwa ya kituo cha polisi.